Sala Kabla ya Ajenda: Uchambuzi wa Kisa cha Mji wa Greece

Mji wa Greece, katika jimbo la New York, hauna uhusiano wowote na nchi ya Ugiriki isipokuwa jina. Umepakana na jiji la Rochester, unatazama Ziwa Ontario, na shauri lake kuhusu sala za kufungulia vikao lilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani ulikuwa na wakazi wapatao 94,000. Baraza la mji lilikuwa likikutana mara moja kwa mwezi, na anayesoma kumbukumbu za shauri hilo anakutana na kikao ambacho hata mtu wa Morogoro au Kisumu angekitambua mara moja: wajumbe wamekaa mbele, wananchi wamekaa wakiwatazama, na ajenda imejaa barabara, bajeti, kuapishwa kwa askari polisi wapya na maombi ya vibali. Wananchi wanaohudhuria ni wachache, pengine kumi tu. Miongoni mwao wamo watoto waliofuatana na wazazi, na wanafunzi wa sekondari ambao somo lao la uraia linawataka wahudhurie kikao cha serikali.

Hadi mwaka 1999 kikao kilifunguliwa kwa ukimya mfupi. Mwaka huo John Auberger, mkuu mpya wa mji aliyechaguliwa na wananchi, alianzisha utaratibu aliokuwa ameuona na kuupenda alipokuwa mjumbe wa baraza la kaunti. Baada ya wajumbe kuitwa majina, na baada ya watu kusimama kutamka kiapo cha utii mbele ya bendera, alimwita kiongozi mmoja wa dini wa hapo mjini apite mbele na kuomba. Amina ikishasemwa, alimshukuru kwa kuwa kasisi wa baraza kwa mwezi huo, kisha akamkabidhi kibao kidogo cha kumbukumbu. Waombaji hawakulipwa, na ofisi ya mji haikuwaelekeza waombe nini wala haikuyapitia maneno yao kabla hayajatamkwa.

Waombaji hao walitafutwa na mfanyakazi wa ofisi. Alikuwa na orodha ya nyumba za ibada iliyotokana na mwongozo wa eneo hilo, akawa anapiga simu moja baada ya nyingine mpaka ampate aliye na nafasi. Karibu nyumba zote za ibada zilizokuwa ndani ya mipaka ya mji zilikuwa makanisa. Masinagogi ya karibu yalikuwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Rochester, kwa hiyo hayakuwamo katika orodha. Matokeo yake ni kwamba tangu 1999 hadi 2007 kila mtu aliyesimama kuliombea baraza la Greece alikuwa Mkristo. Katika kipindi cha takriban miaka kumi kilichochunguzwa mahakamani, karibu theluthi mbili ya sala zilimtaja Yesu, Kristo, Mwana wa Mungu au Roho Mtakatifu. Hakuna ushahidi kwamba mtu yeyote aliketi akapanga mambo yawe hivyo, na ndiyo maana kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa utulivu, kwa sababu ubaguzi uliopangwa haumsumbui hakimu sana, ila mazoea yaliyojengeka bila mtu kuyakusudia humpa kazi ngumu zaidi.

Wakazi wawili waliokuwa wakihudhuria vikao hivyo ili kuzungumzia mambo ya mji, Susan Galloway ambaye ni Myahudi na Linda Stephens ambaye haamini kuwapo kwa Mungu, walilalamika mwaka 2007. Galloway aliwaambia wajumbe waziwazi kwamba sala hizo zinamuumiza na kwamba ni dharau kwa mji wenye watu wa imani mbalimbali. Hapo tena baraza likajitahidi: mwaka 2008 alialikwa Myahudi asiye rabi, akaalikwa mwenyekiti wa jumuiya ya Wabahai ya hapo, na kuhani wa kike wa Wicca, dini ya kisasa ya kipagani, aliyekuwa amesoma habari za mzozo huo magazetini aliomba nafasi akapewa, akawaita Athena na Apollo, miungu ya Wagiriki wa kale, pengine kwa heshima ya jina la mji. Katika vikao kumi na viwili vya mwaka huo, vinne vilifunguliwa na wasio Wakristo. Baada ya hapo mlango ukajifunga wenyewe. Kuanzia Januari 2009 hadi Juni 2010, miezi kumi na minane mfululizo, waombaji wote walikuwa Wakristo tena. Wapo pia wachungaji waliotumia nafasi ile kuwajibu walalamikaji: mmoja aliwaita wapinzani wa sala watu wachache wasioijua historia ya nchi yao.

Kesi ilifunguliwa Februari 2008. Mahakama ya Wilaya ya shirikisho iliupa mji ushindi mwaka 2010. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo Mei 2012, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Guido Calabresi, kwa hoja kwamba mtu wa kawaida akiangalia namna waombaji walivyopatikana, maneno waliyoyatumia, na mwenendo wao na wa viongozi wa mji, angeona kwamba mji umejifungamanisha na Ukristo. Mahakama ya Juu ilisikiliza hoja Novemba 2013, na tarehe 5 Mei 2014 ikaamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba mji haukuivunja Katiba. Hukumu ya walio wengi iliandikwa na Jaji Anthony Kennedy. Jaji Elena Kagan aliandika kwa niaba ya wanne waliopinga.

Msingi wa Kennedy ulikuwa historia. Mwaka 1789 Bunge la kwanza la Marekani, lililoyaandika Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanayoikataza serikali kuanzisha dini, liliteua makasisi wake wa kuliombea na kuwalipa mshahara. Watu wale wale, mwaka ule ule. Kwa hiyo, hoja inavyokwenda, haiwezekani kwamba waliandika katazo ambalo wenyewe walikuwa wakilivunja kila asubuhi. Hoja hiyo ilikwishakubaliwa mwaka 1983 katika shauri la Ernest Chambers, mbunge wa Nebraska aliyepinga kasisi wa Kipresbiteri aliyekuwa akilipwa na jimbo tangu 1965 kuliombea bunge lao. Chambers alishindwa kwa kura sita dhidi ya tatu. Kennedy aliuchukua uamuzi ule wa bungeni akaufikisha katika baraza la mji, akisema kwamba mlengwa mkuu wa sala ya namna hii ni watunga sheria wenyewe, ambao huitumia kuzituliza nia zao kabla ya kazi, na kwamba wananchi waliopo ukumbini ni mashahidi wa desturi ya zamani.

Kabla sijaeleza kwa nini naona Kennedy alikosea, ni haki nieleze pale alipopatia, maana alipatia katika jambo zito. Galloway na Stephens hawakuiomba mahakama ifute sala. Waliomba sala ziwe za jumla, zimtaje Mungu bila kumtaja Yesu, ili kila mtu aweze kusema amina. Ombi hilo linasikika la kiungwana, na mtu wa kwetu atalielewa haraka. Lakini lilimpa Kennedy jibu jepesi: nani atakayekaa kuhesabu maneno? Kama sala inayosema "kwa jina la Yesu" imekatazwa na inayosema "Baba wa rehema" imeruhusiwa, lazima awepo ofisa wa serikali wa kusoma sala kabla hazijaombwa na hakimu wa kuzipima baada ya kuombwa, na hapo serikali itakuwa imeingia ndani ya ibada kuliko ilivyokuwa mwanzo. Siku ya kusikilizwa kwa shauri, Jaji Samuel Alito alimtaka wakili wa walalamikaji, Douglas Laycock, atoe mfano wa sala inayoweza kukubaliwa na Wakristo, Wayahudi, Waislamu, Wabudha na Wahindu kwa pamoja. Wakili alijitahidi, lakini hata yeye alikiri kwamba wasioamini kabisa hawawezi kupata sala ya kuwaridhisha.

Hoja hii ina mizizi katika jimbo lile lile la New York. Miaka ya hamsini bodi ya elimu ya jimbo hilo ilitunga sala fupi ya shule, yenye maneno 22 kwa Kiingereza, iliyokiri kwamba tunamtegemea Mwenyezi Mungu na kuomba baraka kwa wanafunzi, wazazi, walimu na nchi. Haikumtaja Yesu, haikumtaja yeyote. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu iliifuta, katika shauri la Engel dhidi ya Vitale, kwa sababu kutunga sala si kazi ya serikali yoyote, hata sala iwe imesafishwa kiasi gani.

Hapa msomaji wa Kiswahili anapaswa kutua kidogo. Kumbukumbu rasmi za Bunge la Tanzania hufungua kila kikao kwa mstari mfupi unaosema kwamba Spika, au aliyekalia kiti chake, alisoma dua. Ni dua iliyoandikwa, inayomwelekea Mwenyezi Mungu bila kumtaja Yesu wala Mtume, ili Mbunge wa Pemba na Mbunge wa Songea waiitikie kwa moyo mmoja. Sisi tumeichukua kuwa suluhisho, na imeturahisishia mengi. Kwa macho ya Kennedy, hata hivyo, hilo ndilo kosa lenyewe, kwa maana dola imeketi ikaandika namna ya kumwomba Mungu. Sisemi kwamba desturi yetu ni mbaya. Katiba zetu zina historia yake, na Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania, inayoweka shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, haikuandikwa na watu waliokimbia kanisa la mfalme wa Uingereza. Nasema tu kwamba anayeiona sala ya jumla kuwa njia isiyo na gharama hajaitazama kutoka upande wa mwumini. Mimi ni mtu wa sala, na sala iliyopunguzwa hadi isimkwaze mtu yeyote huwa inanikosesha Yule ninayemwomba.

Kwa hiyo, katika suala la maneno, nasimama na Kennedy. Ninapoachana naye ni mlangoni mwa ukumbi.

Kennedy aliandika kana kwamba ukumbi wa Greece ni bunge dogo. Kagan aliutazama ukumbi wenyewe. Katika bunge la Nebraska kasisi huwaelekea wabunge. Wananchi wakiwapo wako roshani, watazamaji tu, na hakuna anayewasemesha. Katika Greece kasisi wa mwezi alisimama akiwapa mgongo wajumbe wa baraza na kuwatazama wananchi. Aliwaambia wasimame. Aliwaambia wainamishe vichwa. Mara nyingi alianza kwa kusema kwamba sote tuombe. Kama mlengwa mkuu ni mjumbe, mbona mjumbe anaonyeshwa mgongo? Kennedy alijibu kwamba maelekezo hayo yalitoka kwa wachungaji na si kwa baraza, na kwamba wajumbe, ijapokuwa wenyewe walisimama, wakainama na wengine wakafanya ishara ya msalaba, hawakumtaka mwananchi afanye vivyo hivyo. Kisheria ni tofauti inayoweza kuandikwa. Lakini mtu aliyewahi kwenda ofisini akiwa na shida yake anajua kwamba mkubwa hahitaji kukuambia usimame ikiwa yeye mwenyewe amesimama.

Mfano wa Kagan unajulikana sana kwa wanaofuatilia sheria hizi. Aliwaza habari za mwanamke Mwislamu wa Greece anayekuja mbele ya baraza kuomba taa za barabarani ziwekwe kwenye njiapanda ya hatari, au kibali cha kuongeza chumba nyumbani kwake. Dakika chache kabla hajaitwa, mchungaji aliyealikwa na mji anamwambia aombe kwa jina la Mwana pekee wa Mungu. Wajumbe ambao atawasihi baada ya muda mfupi wameinamisha vichwa. Anaweza kuinamisha chake, akajifanya anasali sala isiyo yake. Anaweza kukaa wima au kutoka nje, na kila mmoja katika watu kumi waliomo humo atamwona. Kwa vyovyote atakapofika mbele ya kipaza sauti atakuwa amekwishajitambulisha, kabla hajasema neno moja kuhusu taa za barabarani, kwamba yeye si mwenzao.

Nilipousoma mfano huo sikuona mtu wa kuwaza. Nimekaa katika mikutano ya mtaa ambapo mwenyekiti humwomba kwanza shehe, kisha mchungaji, na viti vya plastiki vinakuwa na taswira ya aina yake: viganja vilivyofunguliwa huku, mikono iliyoshikana kule, "amiin" na "amina" zikifuatana. Siku moja shehe alichelewa na mwenyekiti akaamua sala ya mchungaji itoshe. Jirani yangu alikuwa mama wa Kiislamu aliyekuja na bahasha ya kaki yenye barua ya kulalamikia mtaro uliokuwa ukimwaga maji uani kwake. Mchungaji alipoanza, mama yule alikuwa amekwishainua viganja kwa mazoea. Aliviteremsha polepole, akaviweka juu ya bahasha, akaitazama bahasha hiyo hadi mwisho. Hakuna aliyemkosea kwa makusudi, na nadhani mtaro ulizibuliwa baadaye. Lakini nilimwona alivyojipunguza katika kiti, na alipoitwa kusema alisema kwa kifupi kuliko alivyokuwa amenieleza mimi pembeni.

Kennedy alikuwa na jibu kwa hili pia: watu wazima walio thabiti katika imani yao wanaweza kuvumilia sala ya mtu wa dini nyingine, na asiyetaka yuko huru kutoka, kuchelewa kuingia, au hata kusema upinzani wake baadaye. Jibu hili linashangaza likitoka kwake. Mwaka 1992, katika shauri la Lee dhidi ya Weisman, ni Kennedy huyu huyu aliyeandika hukumu ya kukataza sala ya rabi katika mahafali ya shule moja ya Providence, Rhode Island, akisema kwamba shinikizo la kusimama kimya pamoja na wenzako ni shuruti ya kweli hata kama hakuna sheria inayokulazimisha. Tofauti aliyoitaja ni umri: msichana wa shule ni mtoto, Galloway na Stephens ni watu wazima. Naikubali tofauti hiyo nusu tu. Mtoto anashinikizwa na macho ya wenzake. Mtu mzima ana ngozi ngumu zaidi kwa macho ya wenzake, lakini ana kitu ambacho mtoto hana, yaani ombi mkononi. Katika mahafali msichana yule alikuwa akipokea cheti ambacho hakuna aliyeweza kumnyima kwa sababu ya kutoinama. Anayeomba kibali cha ujenzi anaweza kunyimwa, na hatajua kamwe sababu.

Alito, aliyemuunga mkono Kennedy kwa maoni yake ya ziada, alisema kwamba kwa hakika maombi ya vibali yalisikilizwa katika sehemu nyingine ya kikao, baadaye, na kwamba sala ilitangulia shughuli za kutunga sheria tu. Aliona pia kwamba kosa lote la Greece lilikuwa la mfanyakazi wa ofisi kutofikiria kuyaingiza masinagogi ya nje ya mpaka, uzembe mdogo usiostahili kuitwa uvunjaji wa Katiba. Hoja ya kwanza ina uzito kiasi, ingawa katika sehemu hiyo ya mwanzo pia wananchi walisimama kuleta hoja na malalamiko yao. Ya pili haina. Mji ulieleza mahakamani kwamba mtu yeyote, hata asiyeamini, angeruhusiwa kufungua kikao kama angeomba. Ila haukuwahi kuwatangazia wananchi jambo hilo. Mlango usiotangazwa huonwa na aliyekwisha kuwa ndani. Na malalamiko yalipokuja, mji ulionyesha mwaka 2008 kwamba kurekebisha ilikuwa kazi ya simu chache, kisha ukarudi ulikotoka kwa miezi kumi na minane. Baada ya hapo huwezi kumsingizia karani.

Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita katika maoni ya Kagan ni kwamba hakutaka sala ifutwe. Aliukubali uamuzi wa 1983. Alisema Greece ingejiokoa kwa njia mojawapo kati ya mbili: kuwaomba waombaji watumie maneno yanayowajumuisha wote, au kuwaalika kwa zamu viongozi wa dini mbalimbali. Njia ya kwanza nimeshaeleza ugumu wake. Ya pili ni ile ya shehe na mchungaji, ambayo katika pwani ya Afrika Mashariki haihitaji jaji wa kuifafanua, na ambayo huvunjika siku ile tu mmoja anapochelewa na mwenye kiti akaona inatosha. Zamu inadai kumbukumbu. Inadai mtu mwenye kazi ya kuuliza kila mwezi nani hajaitwa, na huyo ndiye aliyekosekana Greece.

Kennedy aliacha mipaka, na ni haki kuitaja. Sala zikifanya mazoea ya kuwatukana wasioamini, kuwatishia moto au kuwavuta wabadili dini, mahakama itaingilia kati. Hali kadhalika ikiwa wajumbe watawaagiza wananchi washiriki, watawanyooshea kidole wanaokataa, au wataonyesha kwamba uamuzi wao unategemea nani amesali. Mwenye kusoma mipaka hiyo anaona kwamba mwananchi lazima athibitishe dhamira ya mjumbe, kitu kilichofichika kuliko vyote.

Katika nchi jirani ya Kanada, swali la sala katika baraza la mji lilipata jibu tofauti mwaka mmoja baadaye. Meya wa Saguenay, Quebec, Jean Tremblay, alikuwa akifungua vikao vya baraza kwa sala aliyoisoma yeye mwenyewe pamoja na ishara ya msalaba. Mkazi asiyeamini alipolalamika, mji ulitunga sheria ndogo iliyoweka dakika mbili kati ya sala na kikao, ili asiyetaka asubiri nje kisha aingie. Tarehe 15 Aprili 2015 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba dakika hizo mbili zilimwongezea mkazi yule aibu, kwa kuwa zilimfanya aonekane na watu wote akiingia baada ya wengine, na kwamba dola inayosali kwa kauli yake yenyewe imeacha kuwa ya wananchi wote kwa usawa. Iliamuru sala ikome na mkazi alipwe fidia ya dola 30,000. Uhuru wa kutoka nje ambao Kennedy aliuhesabu kuwa kinga ya mwananchi, majaji wa Kanada waliuhesabu kuwa sehemu ya madhara. Nakiri kwamba sikubaliani nao kwamba lazima ukimya uwe jibu pekee, lakini kuhusu mlango ule waliona vizuri zaidi.

Katika Greece kwenyewe, Julai 2014, mwanachama wa kundi la wasioamini alifungua kikao cha baraza, jambo ambalo hukumu ilikuwa imeliruhusu. Mwezi uliofuata mji ulipitisha utaratibu wa maandishi wa kuwapata waombaji, uliojikita kwa jumuiya zinazokutana mara kwa mara hapo mjini kwa ajili ya mambo ya imani.

Swali ambalo Kennedy hakulimaliza lilirudi mahakamani kwa sura kali zaidi: itakuwaje kama anayeomba si mchungaji mwalikwa bali ni mjumbe mwenyewe mwenye kura? Katika kaunti ya Rowan, North Carolina, makamishna walisali wenyewe, na Julai 2017 Mahakama ya Rufaa ya eneo hilo ilikataza kwa kura kumi dhidi ya tano. Miezi miwili haikupita kabla mahakama nyingine ya rufaa, kwa kura tisa dhidi ya sita, haijaruhusu jambo hilo hilo katika kaunti ya Jackson, Michigan. Juni 2018 Mahakama ya Juu ilikataa kuzisikiliza kesi zote mbili, na hivyo hukumu hizo mbili zinazopingana zilibaki kila moja na eneo lake.

Mlalamikaji wa Jackson alikuwa mkazi anayefuata imani ya kale ya kuabudu asili, aliyekuwa akihudhuria vikao kwa ajili ya masuala ya mazingira. Makamishna waliwataka watu wasimame na kuinamisha vichwa. Yeye peke yake alibaki ameketi. Baadaye alisimama katika muda wa wananchi kueleza kwa nini sala ile inamtenga. Kumbukumbu za shauri zinaonyesha kwamba alipokuwa akizungumza, alikunjiwa uso, na kiti cha kamishna kikazungushwa akapewa mgongo.